Gumegume na Fataki: Moto Ulivyoingia Katika Bunduki

Ndugu msomaji, katika nyumba yako hii leo mna maneno matatu ambayo huenda hujapata kuyauliza asili yake. La kwanza ni kiberiti. Mama akitaka kuwasha jiko humtuma mtoto akalete kiberiti, naye huleta kisanduku chenye njiti. Lakini katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, na katika Kiswahili cha wazee wetu wa pwani, kiberiti kilikuwa ni jina la madini ya rangi ya manjano yachimbwayo ardhini na yenye harufu kali yakiungua. La pili ni fataki. Vijana wanalijua kuwa ni zile baruti za kuchezea zirushwazo angani usiku wa mwaka mpya. Na kwa ajili ya matangazo ya redio ya miaka ya 2000, wanalijua pia kuwa ni jina la mtu mzima mkware anayewarubuni wasichana wa shule. La tatu ni gumegume, ambalo siku hizi hulisikii sana ila katika magomvi ya nyumbani, pale mke anapolalamika kwamba ameolewa na mume gumegume.

Maneno yote matatu yalipata kuishi pamoja ndani ya chombo kimoja, nacho ni bunduki ya kushindilia, ambayo wengi wetu twaiita gobore.

Gobore halina mlango nyuma wa kutilia risasi. Kila kitu huingia kwa mbele, mdomoni mwa mtutu. Kwanza humiminwa baruti, kisha huja kitambaa au karatasi, kisha risasi, na juu yake tena kizibo. Halafu mtu hutwaa mdeki, yaani ule ufito mrefu wa mti au wa chuma, akashindilia mpaka vyote vikakaa imara chini. Hapo bunduki imeshiba, lakini bado ni chuma kilicholala. Baruti iko ndani kabisa, imezungukwa na chuma pande zote, na ili ilipuke sharti iguswe na moto. Moto huo utaingiaje? Tena utaingiaje upesi, wakati ule ule anaoutaka mwenye bunduki, mvua ikinyesha au upepo ukivuma, naye mikono yake miwili imeshika silaha? Swali hilo liliwahangaisha mafundi wa dunia kwa muda wa zaidi ya miaka 500, na kila jibu walilolipata lilibadilisha mambo makubwa kuliko bunduki yenyewe.

Baruti ilizaliwa China. Wataalamu wa huko, katika karne ya 9, walikuwa wakichanganya madawa mbalimbali, wakagundua kwamba shura, kiberiti na mkaa vikikutana huwaka kwa ghadhabu. Kufikia mwaka 1044 namna za kuichanganya zilikuwa zimeandikwa katika kitabu cha mambo ya kijeshi cha dola ya Song. Huko huko China ndiko ulikochimbuliwa mmojawapo wa mitutu ya kushika mkononi iliyo ya kale kuliko yote tuijuayo, ule wa jimbo la Heilongjiang, ambao wataalamu husema haukutengenezwa baada ya mwaka 1288. Ni bomba fupi la shaba nyeusi, nyuma lina tundu la kutia mpini, na ubavuni lina kijitundu chembamba. Kijitundu hicho ndicho kilichokuwa mlango wa moto. Mtu aliegemeza bomba kwapani, akatwaa waya uliotiwa moto mpaka ukawa mwekundu au kijinga kinachofuka, akakigusisha pale. Alihitaji mkono mmoja wa kushika bomba na mwingine wa kushika moto, na macho yake yalitazama kijitundu, si adui. Ni dhahiri kwamba kulenga shabaha kwa namna hiyo kulikuwa ni kama kutupa jiwe gizani.

Mrao

Jibu la kwanza la maana lilipatikana katika karne ya 15. Ipo picha iliyochorwa mwaka 1411 hivi, katika hati iliyohifadhiwa Vienna, inayomwonyesha mtu ameshika bunduki yenye kijichuma kilichopindwa kama herufi S. Wazungu walikiita kwa jina la nyoka. Ncha ya juu ya nyoka huyo ilibana kamba inayofuka moto. Ncha ya chini ilikaa penye vidole vya mwenye bunduki. Akivuta chini, juu huinama, na kamba hugusa kisahani kidogo chenye baruti laini kilichokaa kando ya kijitundu. Baruti ya kisahani huwaka, ulimi wa moto hupenya tunduni, na risasi huenda. Sasa mikono yote miwili ikawa imeshika bunduki, na macho yakawa huru kumtazama anayelengwa.

Kamba yenyewe iliitwa mrao, na bunduki yake ikaitwa bunduki ya mrao. Ilisokotwa kwa katani au kitani, ikachovywa katika maji ya shura, ikakaushwa. Haiwaki kwa ndimi. Huungua polepole ikienda mbele, kama udi uliotiwa kwenye chetezo.

Sasa hebu fikiri maisha ya askari wa mrao. Moto wake lazima uwe umewashwa kabla ya vita kuanza, kwa maana adui hatangoji uhangaike kuutafuta. Aghalabu aliwasha ncha zote mbili za kamba, ili moja ikizimika nyingine iwepo. Usiku ncha hizo zilionekana kwa mbali kama vimulimuli, na harufu yake ilimtangulia. Mvua ikinyesha yeye alikuwa mtu mwenye rungu la bei ghali. Na jambo la kutisha kuliko yote, mtu huyo aliyeshika kamba ya moto mkononi alikuwa amejifunga vichupa vya baruti kifuani! Mwaka 1607 ulitoka kitabu cha Mholanzi mmoja aitwaye Jacob de Gheyn, chenye picha za kuwafundisha askari namna ya kushika, kushindilia na kufyatua bunduki. Picha za mwenye mrao peke yake zilizidi 40, kila moja na tendo lake, na nyingi katika hizo zahusu jinsi ya kuiweka kamba mbali na baruti, kuipuliza ili isife, na kuirudisha mahali pake. Ukizitazama waelewa kwa nini majeshi ya wakati ule yalipenda gwaride. Gwaride halikuwa pambo, ndilo lililozuia askari wasijilipue.

Pamoja na aibu zake zote, bunduki ya mrao ilizunguka dunia. Ilikuwa rahisi kutengenezwa na mhunzi wa kawaida, na ikiharibika hutengenezeka. Mwaka 1543 mabaharia wa Kireno walifika na bunduki za namna hiyo katika kisiwa cha Tanegashima, huko Japani, na mtawala wa pale akanunua mbili. Inasimuliwa kwamba wahunzi wake waliweza kuiga kila kitu isipokuwa parafujo ya kuzibia nyuma ya mtutu, mpaka walipofundishwa na fundi mgeni aliyefika baadaye. Baada ya hapo hawakuhitaji mwalimu tena. Mwaka 1575, penye ngome ya Nagashino, Oda Nobunaga aliwapanga wenye bunduki nyuma ya uzio wa miti, wakawavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda waliosifika nchi nzima. Kisha amani ilipotawala, Japani ikabaki na mrao wake mpaka karne ya 19, bila ya kuona sababu ya kuubadili.

Hata kwetu mrao ulifika na ukakaa. Richard Burton na John Speke walipotoka Zanzibar mwaka 1857 kwenda bara kulitafuta ziwa, Sayyid Majid aliwapa askari wa Kibulushi wa kuwalinda, na Wabulushi hao walibeba bunduki za mrao. Huo ni mwaka ambao Ulaya ilikwisha kuzisahau silaha hizo kwa zaidi ya karne moja.

Katikati ya safari hii kulikuwa na jibu jingine, la kitajiri mno, ambalo tutalipita upesi. Mwanzoni mwa karne ya 16 mafundi wa Ulaya, waliokuwa wamezoea kazi za saa, walitengeneza mtambo wenye gurudumu la chuma la meno madogo. Gurudumu hilo lilitiwa kamani kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukifyatua lilizunguka kwa kasi likisugua kipande cha madini ya piraiti, nazo cheche zikamwagika kisahanini. Vijana wenye kuvuta sigara wataona kwamba ndiyo kanuni ile ile ya kiberiti cha gesi. Leonardo da Vinci aliacha michoro ya mtambo wa namna hiyo, ijapokuwa wataalamu hawajakubaliana kama ndiye aliyeubuni. Bei yake ilikuwa kubwa, na likivunjika gurudumu ulihitaji fundi saa, si mhunzi. Kwa hiyo majeshi ya kawaida hayakulipata. Lakini kwa mara ya kwanza silaha ya moto iliweza kufichwa ndani ya joho, tayari kabisa, bila ya moshi wala harufu ya kuitangaza. Watawala waliielewa hatari hiyo mara moja. Mfalme Mkuu Maximilian wa Kwanza alizipiga marufuku bunduki hizo mwaka 1517. Marufuku haikufua dafu, na mwaka 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi walioasi utawala wa Hispania, aliuawa kwa bastola ndani ya nyumba yake mjini Delft. Matundu ya risasi yangali yakionyeshwa ukutani.

Jiwe lililotawala miaka 200

Jibu lililowafaa watu wote lilikuwa jiwe. Wafaransa husema kwamba aliyekamilisha kazi hiyo ni Marin le Bourgeoys wa mji wa Lisieux, aliyekuwa fundi katika jumba la mfalme, mnamo mwaka 1610 hivi. Mafundi wa nchi mbalimbali walikwisha kulijaribu jiwe kabla yake, lakini yeye alikusanya mawazo yao katika mtambo mmoja mwepesi. Nyundo ya bunduki ilipewa taya mbili, na taya zikabana kipande cha jiwe gumu, yaani gumegume. Mbele yake kilisimama kibao cha chuma cha pua, ambacho chini yake ndicho kilichokuwa kifuniko cha kisahani. Ukivuta kifyatuo, kamani hurusha nyundo. Jiwe hukwaruza kibao, cheche hutoka. Na kwa pigo hilo hilo kibao husukumwa nyuma, kifuniko hufunguka, na cheche huangukia katika baruti. Kitendo kimoja hutoa moto na kufungua mlango wa kuupokea. Kadhalika nyundo iliwekewa kituo cha nusu, ili bunduki iliyoshiba iweze kubebwa bila ya kulipuka. Mimi sijui mashine ya kale iliyo na akili nyingi katika vyuma vichache kama hiyo.

Kwa gumegume askari aliachana na kamba ya moto. Alipewa risasi na baruti zilizofungwa pamoja ndani ya karatasi. Aliing'ata karatasi kwa meno, akatia kidogo kisahanini, akafunika, akamimina iliyobaki mtutuni, akatia risasi pamoja na karatasi, akashindilia, akainua, akapiga. Askari hodari wa Kiingereza aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja. Bunduki yake, ambayo jeshi la Uingereza liliitumia kwa sura mbalimbali tangu mwaka 1722 mpaka miaka ya 1830, ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, na risasi ilifanywa ndogo kuliko tundu ili iteremke upesi. Kwa sababu hiyo risasi ilikwenda ikigongagonga kuta za mtutu na kutoka upande isioutaka mtu. Kupita hatua mia moja, kumpata aliyelengwa kulikuwa ni bahati yake mbaya zaidi kuliko ustadi wa mpigaji. Ndiyo maana askari walipangwa bega kwa bega na kuamriwa kufyatua pamoja.

Jiwe nalo lilikuwa na visa vyake. Huchakaa; baada ya mapigo machache ya makumi hupoteza makali na kuhitaji kuchongwa au kubadilishwa. Katika mji wa Brandon, mashariki ya Uingereza, walikuwapo watu ambao kazi yao tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa kupasua mawe hayo kwa nyundo, vumbi likiwaingia mapafuni na kuwaua mapema. Kisha mara nyingi baruti ya kisahani huwaka, pwaa! lakini moto usiingie ndani. Moshi mweusi usoni, na risasi imelala pale pale. Na hata mambo yakienda sawa, kati ya cheche na mlipuko kuna punje ya wakati. Adui mwepesi huona mmweko, akainama. Sishangai hata kidogo kwamba neno gumegume liliishia kuwa tusi la mwanamume asiyetegemeka.

Mchungaji na ndege wake

Punje hiyo ya wakati ndiyo iliyomkasirisha mchungaji mmoja wa Kiskoti. Jina lake ni Alexander John Forsyth, kasisi wa parokia ya Belhelvie, karibu na mji wa Aberdeen. Mbali na mahubiri alipenda mambo mawili, kemia na kuwinda ndege wa majini. Akagundua kwamba ndege wanaouona mmweko wa kisahani huzama au huruka kabla marisaa hayajawafikia. Mwaka 1800 mwanakemia wa Kiingereza Edward Howard alikuwa amewaeleza wenzake habari za fulmineti ya zebaki, unga ambao hauhitaji moto: ukigongwa tu hulipuka. Wengi walijaribu kuutumia badala ya baruti wakapasua mitutu. Forsyth aliwaza vingine. Akaiacha baruti mahali pake, na ungaunga wa namna hiyo, chembe chache tu, akautumia kama njiti ya kuiwashia. Nyundo haikukwaruza jiwe tena, iligonga unga, na moto ukaruka moja kwa moja ndani.

Mwaka 1806 serikali ilimpa chumba katika Mnara wa London aendelee na kazi. Kisha akaja mkuu mwingine wa idara ya silaha, akamwamuru aondoe takataka zake. Mchungaji akachukua hataza mwaka 1807 na kurudi kwa waumini wake. Wengine waliendeleza wazo lake, na kufikia miaka ya 1820 unga ulikuwa unatiwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba nyekundu, mfano wa kofia ya mtoto wa panya, kinachovishwa juu ya chuchu ya chuma yenye tundu. Hiyo ndiyo fataki.

Jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya miaka 25 kuamini. Mwaka 1834, huko Woolwich, bunduki sita za gumegume na sita za fataki zilipigwa katika kila hali ya hewa, kila kundi mara 6,000. Za gumegume zilikataa kulia mara 922. Za fataki zilikataa mara 36. Yaani mwenye jiwe, katika kila mapigo sita au saba, moja lilimwacha mikono mitupu mbele ya adui. Mwenye fataki lilimtokea mara moja katika 166. Mwaka 1841, karibu na Canton, wakati Waingereza wakipigana na Wachina katika ile vita ya kasumba, kikosi cha askari wa Kihindi wa Madras kilinaswa katika mvua kubwa, bunduki zao za gumegume zikawa bubu, wakabaki kujitetea kwa singe. Waliokolewa na askari wa majini wenye fataki, ambao bunduki zao ziliwaka katika mvua ile ile.

Fataki ilipokutana na mtutu wenye michirizi ya kuzungusha risasi, gobore lilifikia kilele chake. Bunduki mpya ya Enfield ya mwaka 1853 ilipiga mbali mara kadhaa kuliko ile ya zamani. Lakini bado ilishindiliwa kwa mbele, na karatasi yake, iliyopakwa mafuta, iling'atwa kwa meno. Uvumi ukaenea India kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu ang'ate ng'ombe, Mwislamu ang'ate nguruwe? Mwezi wa Aprili 1857, huko Meerut, askari 85 walikataa kuzigusa. Wakafungwa pingu mbele ya wenzao, na tarehe 10 Mei wenzao hao wakaasi. Dhuluma za Kampuni zilikuwa nyingi na za siku nyingi, lakini mahali zilipowakia ni pale penye meno na karatasi ya gobore.

Gobore laja Afrika

Katika miaka ya 1860 mataifa ya Ulaya yalianza kuwapa askari wao bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma. Maghala yakajaa magobore yasiyotakiwa. Wafanyabiashara wakajua pa kuyapeleka.

Biashara ya silaha katika pwani yetu haikuanza siku hiyo. Katika mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, Wamarekani waliruhusiwa kuuza watakacho, ila bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Zanzibar ziliuzwa kwa serikali peke yake. Sayyid hakuwa mjinga. Lakini bara hapakuwa na kizuizi hicho, na misafara ya pembe na watumwa ilibeba magobore mpaka Unyamwezi, Ujiji na ng'ambo ya ziwa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga wenye magobore, akaweza kuzifunga njia za Waarabu wa Tabora alipotaka. Mwaka 1888 Konseli Mkuu wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikipita katika biashara hiyo kwa mwaka mmoja.

Sasa, ndugu msomaji, soma jambo lifuatalo polepole. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels, na shabaha yake, walisema, ni kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na kifungu kuhusu silaha. Katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki zenye shabaha kamili na zile zinazotiwa risasi kwa nyuma, isipokuwa kwa majeshi ya wakoloni na watu wachache wenye vibali. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wengine, tena chini ya masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hawakusahau hata aina ya mtambo! Hata fataki, ambayo ilikuwa imepitwa na wakati kwao, haikuruhusiwa. Mwafrika alirudishwa kwenye jiwe la mwaka 1610. Hapana shaka bunduki nyingi katika nchi zetu zilikamata watumwa, na atakayetetea biashara ile simjui. Lakini mkataba huo haukuwanyang'anya wakoloni chochote, na miaka iliyofuata ndiyo waliyoitumia kuitwaa nchi.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilipoanza kwa kung'olewa pamba Umatumbini, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Gobore la shamba halikuchagua. Risasi zikikosekana lilishindiliwa kokoto au vipande vya chuma. Wajerumani walikuwa na bunduki za kutia risasi kwa nyuma na bombomu, mashine iliyobuniwa na Maxim mwaka 1884, yenye uwezo wa kutoa risasi 500 au 600 kwa dakika moja. Kumbuka hesabu ya askari hodari wa gumegume: mara tatu kwa dakika. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge mbele ya mashine hizo. Watu wengi waliopata kuandika habari za vita hivyo hukaa sana juu ya dawa ya maji ya Kinjikitile, wakashangaa jinsi watu walivyoamini kwamba risasi ingegeuka maji. Mimi huona kwamba wangepaswa pia kutaja karatasi ya Brussels. Mtu aliyelazimishwa kupigana na bombomu kwa jiwe alikuwa na chaguo gani jingine la kinga?

Gobore halikufa pamoja na ukoloni. Wahunzi wa vijijini waliendelea kulitengeneza, mtutu ukitolewa katika bomba la chuma lolote, kwa ajili ya kuwafukuza nguruwe na nyani mashambani na, tuseme kweli, kwa ajili ya ujangili. Ni silaha kama silaha nyingine mbele ya sheria. Kulimiliki bila ya kibali ni kosa, nayo mahali pake ni kituo cha polisi.

Nataja hayo kwa sababu wengi wetu wa mijini huenda nyumbani kwa wazazi wakati wa likizo, na darini au nyuma ya mlango wa babu huwamo kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Watoto hukipenda. Jua basi kwamba baruti nyeusi ikikaa pakavu haiozi; huweza kukaa miaka mia na bado ikawaka, na katika nchi mbalimbali yamepatikana magobore yaliyotundikwa ukutani kama mapambo kwa vizazi viwili au vitatu, kumbe yangali yameshindiliwa. Kutokuwapo kwa fataki au jiwe si dalili ya usalama, kwa maana cheche yoyote yaweza kupita katika kijitundu. Mafundi hulipima kwa mdeki: huuteremsha mtutuni mpaka ukome, hutia alama penye mdomo, kisha huulaza nje ya mtutu na kuona umefika wapi. Ukikoma upana wa vidole vitatu au vinne kabla ya kufikia kijitundu, kuna kitu ndani. Kazi hiyo mwachie fundi au askari. Wewe watoe watoto chumbani, usiliinamie, usilisogeze karibu na jiko, na umwambie mzee, kwa adabu, kwamba utampeleka kituoni mwenyewe mkaitoe taarifa.